Kisima kinaisha maji kwa nusu saa: je, kitaweza dripu ya bustani ya nyumbani?

Swali: Nipo Kigamboni. Nina kisima cha kuchimba kwa mkono chenye pete za zege, upana mita 1, kina mita 14. Masika maji husimama mita 9 kutoka juu, kiangazi hushuka hadi mita 11. Pampu ni ya kuzama, ya 1 HP, inajaza pipa la lita 200 kwa dakika nne. Bustani ni mita 15 kwa 20, mchanga mtupu, nalima nyanya, bilinganya, bamia na mchicha. Kiangazi nikimwagilia kwa mpira, maji yanaisha ndani ya nusu saa na pampu inaanza kuvuta hewa. Nataka kufunga dripu, yaani mipira yenye matundu ya kudondoshea mimea maji polepole. Fundi mmoja anasema nichimbe kisima kirefu na kununua pampu kubwa zaidi. Mwingine anasema niunganishe dripu moja kwa moja kwenye pampu niliyo nayo. Nimsikilize nani?

Jibu: Kabla hujamlipa yeyote kati yao, tuzipigie hesabu namba ulizotaja. Kisima cha duara chenye upana wa mita 1 hubeba lita 785 kwa kila mita moja ya kina cha maji. Kiangazi una mita 3 za maji. Mita ya chini kabisa usiihesabu: huko ndiko kwenye matope na mchanga, na pampu inatakiwa ibaki imefunikwa muda wote. Zinabaki mita 2 za kuchota kwa mkupuo mmoja, yaani lita 1,570. Pampu inayojaza pipa la lita 200 kwa dakika nne inatoa lita 3,000 kwa saa. Gawanya, utapata dakika 31. Nusu saa yako hiyo hapo. Kisima hakijakauka, kinachotwa haraka kuliko kinavyojaa. Pampu kubwa zaidi itakufanya ukifikie kitako kwa robo saa, na hutapata hata ndoo moja ya ziada.

Kwa hiyo cha kwanza kujua ni kisima kinajaa kwa kasi gani, na hilo halipimwi kwa macho. Chukua kamba isiyovutika, funga kitu kizito mwishoni, uiwekee alama kila sentimita 10. Fanya kipimo mwishoni mwa kiangazi, alfajiri, kisima kikiwa kimelala usiku kucha bila kuguswa. Pima maji yalipo. Washa pampu hadi maji yafike mita 13 kutoka juu, zima, kisha shusha kamba tena baada ya nusu saa, saa 1, saa 2, saa 4 na saa 6. Wakati huo asichote mtu hata ndoo ya kudekia. Kipimo cha mwezi Mei, masika yakiwa bado yamo ardhini, kitakudanganya.

Tuseme saa ya kwanza maji yamepanda sentimita 32. Hizo ni lita 250 hivi. Usizidishe kwa 24 ukadhani una lita 6,000 kwa siku, maana kasi ya kujaa hupungua kadiri maji yanavyokaribia kimo chake cha kawaida. Kinachoyasukuma yaingie ni ile tofauti ya kimo kati ya ndani ya kisima na ardhi inayokizunguka. Kisima hichohicho cha mfano, ukikichota hadi mita 13 mara moja tu kwa siku, kitakupa lita 1,550. Mara mbili, kila baada ya saa 12, lita 2,750. Mara tatu, lita 3,550. Mara nne, zaidi kidogo ya 4,000. Ndiyo maana mwenye kisima kinachojaa polepole huchota kidogokidogo mara nyingi, na ndiyo maana unahitaji tangi.

Sasa upande wa bustani. Milimita 1 ya maji juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Pwani yenu, miezi ya joto kali, bustani iliyostawi hutumia kama milimita 5 kwa siku. Eneo lako la mita mraba 300 linatoa matuta 10 ya upana wa mita 1 na urefu wa mita 20, pamoja na njia za nusu mita kati yake. Mimea yenyewe inakalia mita mraba 200, basi mahitaji ni lita 1,000. Ongeza majani yanayotanuka juu ya njia na maji yanayozama kwenye mchanga chini ya mizizi, weka lita 1,500. Nyumba nayo ipewe 500. Jumla lita 2,000, na kisima cha mfano wetu kinazitoa kwa michoto miwili. Ikiwa kamba yako itaonyesha chini ya sentimita 10 kwa saa ya kwanza, punguza matuta yawe sita au saba wakati wa kiangazi na uchote mara tatu. Kukata matuta ni rahisi kuliko kuchimba.

Kuhusu kisima kirefu, mahali ulipo ni pa kuogopa chumvi. Karibu na bahari, maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi. Kanuni ya Ghyben na Herzberg inasema kwa kila mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Igeuze uone hatari yake: ukiyashusha maji mita 1 kwa kuchota kupita kiasi, hatimaye chumvi inaweza kupanda mita 40. Anayechimba chini zaidi pwani huenda anaifuata chumvi. Ni kweli Kigamboni ina maji mazuri ya kina kirefu upande wa Kimbiji, lakini visima vya mradi wa maji wa huko vimekwenda mamia ya mita, na hiyo si kazi ya mfuko wa mtu mmoja. Tena kuchimba kisima kirefu kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, kwako ni Wami/Ruvu.

Nunua kipimo kidogo cha chumvi cha mkononi, kile cha kuchovya majini. Kikisoma kwa mikrosimensi, gawanya kwa 1,000 upate dS/m (desisimensi kwa mita, kipimo cha chumvi ya maji). Kikisoma kwa ppm, gawanya kwa 640 (angalia karatasi yake, vingine hutumia 500). Chini ya 0.7 dS/m, lima utakacho. Kati ya 0.7 na 3 unachagua mazao: maharage na karoti huanza kupunguza mavuno maji yakipita 0.7, kitunguu 0.8, pilipili hoho 1.0, kabichi 1.2, nyanya na matango 1.7, kunde 3.3. Juu ya 3, bustani ya mboga itakusumbua hata ufunge mtambo gani. Pima mwanzoni na mwishoni mwa kiangazi, uandike. Namba ikipanda mwaka hadi mwaka, unachota kuliko kisima kinavyostahili. Punguza, hata kama kamba inaonyesha maji bado yapo.

Fundi wa pili, wa kuunganisha dripu moja kwa moja, hajakosea kwa visima vyote, ila kwako ushauri wake haufai. Dripu huhitaji maji machache kwa muda mrefu, pampu yako inatoa mengi kwa muda mfupi. Ungelazimika kufungua matuta yote kwa pamoja ili pampu isikabwe, na bado ungefika mwisho wa maji katikati ya kumwagilia, huku mchanga wa kitako ukiingia kwenye mipira. Umeme ukikatika alfajiri, hakuna kumwagilia. Weka tangi.

Tangi la lita 2,000, jeusi (la rangi ya kupitisha mwanga huota ukijani, na ukijani huziba matundu), kitako chake kikiwa mita 3 juu ya bustani. Lita 2,000 ni tani 2 za maji. Stendi isiwe ya mbao. Iwe ya nguzo za zege zenye nondo au chuma kilichochomelewa na fundi anayejua uzito huo. Sakafu yake iwe tambarare, imejaa, bila nafasi, kwani tangi la plastiki likikalia vyuma vyenye mapengo hupasuka kitako. Mdomo wa kutokea maji uwe sentimita 15 juu ya kitako cha tangi ili tope libaki chini, na chini kabisa weka koki ya kutolea tope. Bomba la kuingiza lidondoshee maji kutoka juu ya tangi, yapige hewa. Kama maji yako yana chuma, hiyo hewa ndiyo itakayoigeuza kutu na kuiacha izame humo badala ya kwenda kugandia kwenye matundu. Kiasi cha miligramu 0.3 tu kwa lita kinatosha kuanza kuleta utelezi mwekundu. Dalili yake: ndoo ya maji meupe ikikaa usiku, asubuhi ina rangi ya chai.

Ikiwa tangi hilohilo linapokea na maji ya DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar es Salaam), bomba la DAWASA liishie juu ya kimo cha maji, lisizame. Usiunganishe kisima na bomba la mtaa kwa koki peke yake. Siku presha ya mtaa ikishuka, maji ya kisima yenye uchafu wa vyoo vya jirani yataingia kwenye maji ya watu ya kunywa.

Mita 3 za kimo ni presha ya bar 0.3 tu, na watu wengi huishia kulaumu dripu kwa kutolijua hili. Mpira wa milimita 16 wenye matundu kila sentimita 30, ulioandikwa lita 2 kwa saa, hutoa hizo lita 2 kwenye bar 1. Kwako, baada ya chujio kula kidogo, itabaki kama bar 0.25. Utokaji haushuki sawasawa na presha. Hushuka kwa kipeuo cha pili chake. Robo ya presha hutoa nusu ya maji, yaani lita 1 kwa saa kwa kila tundu. Si tatizo, mradi umelipangia. Epuka tu mipira yenye matundu ya kujirekebisha presha, kwani mingi haifanyi kazi vizuri chini ya bar 0.5.

Kwenye mchanga, maji hushuka kuliko yanavyosambaa. Tarajia duara la unyevu la sentimita 15 hadi 25 kila upande wa tundu. Kwa hiyo matuta sita ya nyanya, bilinganya na bamia yapate mipira miwili kila moja, mmoja kwa kila mstari wa mimea. Matuta manne ya mchicha yapate mitatu. Hiyo ni mipira 24 ya mita 20, jumla mita 480, na roli moja la mita 500 linatosha na kubaki kipande cha kuungia. Mpira mmoja una matundu 67, kwa hiyo unatoa lita 67 kwa saa. Gawa bustani sehemu tatu za mipira minane, kila sehemu na koki yake: lita 536 kwa saa. Kila sehemu ikikaa wazi kwa saa moja hivi, umemaliza lita zako 1,500 na kidogo juu yake. Lakini usiimwage saa nzima mfululizo. Mchanga hauna pa kuyahifadhi. Fungua nusu saa alfajiri, nusu saa jioni. Chimba kidogo kwa koleo kando ya tundu baada ya nusu saa. Unyevu ukiwa umepita sentimita 40 na mizizi ya mchicha iko 20, unamwagilia ardhi, punguza dakika.

Kutoka tangini tumia bomba jeusi la poli la milimita 32. La 25 linaweza kupitisha maji hayo, ila linakula presha ambayo huna ya kupoteza. Mpangilio ni huu: tangi, koki kubwa, chujio la visahani la mikroni 130 (limeandikwa 120 mesh), kisha bomba la 32 likipita kichwani mwa matuta. Chujio liwe la inchi 1 au zaidi hata kama la robo tatu ni rahisi, kwa sababu la dogo huiba kimo. Toboa bomba kwa kekee ya kipimo cha raba zake, si kwa msumari wa moto. Tundu la msumari halina duara na litavuja maisha yake yote. Kila tundu linapokea raba na kichwa cha kuanzia mpira, na nyongeza ya vikoki vidogo 24 ina thamani yake, maana tuta likivunwa unafunga mpira wake peke yake. Matundu ya dripu yatazame juu. Mwisho wa mpira ukunje na kuuvika pete ya bomba, usiuchome wala kuuziba moja kwa moja, kwani utaufungua kila wiki.

Tukirudi kisimani. Pampu yako usiitupe, lakini kuna mawili ya kukagua. La kwanza ni upoaji. Pampu ndefu ya inchi 4 imetengenezwa kwa kisima chembamba, ambako maji huipita mota pembeni yakielekea kwenye chujio lake na kuipooza. Ikining'inizwa ndani ya kisima cha upana wa mita 1, maji huingia kutoka pembeni moja kwa moja, mota iliyo chini hukaa kwenye maji yaliyotulia, inapata joto na kuungua kabla ya wakati wake. Mafundi wengi hulisahau hili. Ivike kipande cha bomba la PVC la inchi 5 au 6, kilichozibwa juu ya chujio la pampu na kuachwa wazi chini ya mota, ili kila tone lipite mota kwanza. Fanya hivyo pia uinyanyue pampu ili mdomo wa chini wa bomba hilo uwe nusu mita kutoka kitakoni. Ukiweza, mwagia kitako kokoto safi zilizochekechwa, unene wa sentimita 20 hadi 30, zizuie mchanga kuinuka.

La pili ni kinga ya kukauka. Weka swichi ya kuelea au vihisi vya kimo vinavyozima pampu maji yakifika mita 13, na swichi nyingine ya kuelea tangini inayozima likijaa. Koki juu ya bomba la pampu iache nusu, utoaji ushuke hadi lita 1,500 kwa saa; pampu za aina hii hustahimili kukabwa kiasi hicho, na mchanga utatulia. Koki isifungwe yote pampu ikiwa inazunguka. Pampu ibebwe na kamba ya nailoni, si na waya wake wa umeme. Sakiti iwe na breka ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30, na kinga ya volti, kwani umeme mdogo wa jioni huua mota nyingi kuliko mchanga.

Pampu ikiharibika siku moja usikubali mtu ashushe pampu ya petroli ndani ya kisima, wala aingie baada ya injini kufanya kazi karibu na mdomo wake. Moshi wake hukaa humo, hauonekani, na watu hufa wakifuatana kumwokoa wa kwanza.

Matunzo ni machache ila hayana likizo. Osha visahani vya chujio kila baada ya siku tatu mwanzoni, baadaye utajua mwenyewe. Fungua ncha za mipira kila wiki, mitatu mitatu ili presha itoshe, hadi maji yatoke meupe. Kila mwezi weka vikombe chini ya matundu 12, manne mwanzoni mwa mipira, manne katikati, manne mwishoni, kwa dakika sita. Kila kikombe kiwe na mililita 100 hivi. Vikombe vyote vikiwa chini kwa kiasi kimoja, tatizo ni chujio au kimo cha maji tangini. Vya mwishoni peke yake, mpira umekunjika au una tope. Kimoja hapa na kimoja pale, matundu yanaziba: gamba jeupe ni chokaa, na maji ya mwamba wa matumbawe yanayo mengi, loweka kipande hicho kwenye siki usiku kucha; utelezi mwekundu ni chuma, rudi kwenye tangi uangalie tope limefika wapi.

Mbolea ya kupitisha kwenye dripu iwe ya kuyeyuka kabisa, kama urea, na itumike kwenye pipa dogo la pembeni lenye koki yake, si kwenye tangi linalolisha na nyumba. Mbolea ya DAP iweke kwenye udongo kwa mkono. Haiyeyuki yote, na fosfeti yake ikikutana na chokaa ya maji yako hufanya saruji ndani ya matundu.

Na mvua za kwanza za vuli zikianza kwa manyunyu, usikimbilie kufunga koki. Miezi yote ya kiangazi chumvi imekuwa ikisukumwa pembezoni mwa duara la unyevu, utaiona kama unga mweupe kingoni mwa matuta. Manyunyu madogo huiyeyusha na kuirudisha kwenye mizizi, ukashangaa mboga zinaungua majani wakati wa mvua. Acha dripu iendelee hadi inyeshe ya kutosha kuiosha chini, milimita 30 au 40 kwa mkupuo, ndipo ufunge.